Probiotiki za Kuku: Unga wa Kwenye Chakula, Unga wa Kwenye Maji, EM au Pumba za Kuchachusha?

Ingia duka la dawa za mifugo uulize probiotiki ya kuku, yaani bakteria hai wazuri wa kusaidia utumbo. Unaweza kuwekewa mezani vitu vitatu ambavyo havifanani hata kidogo: pakiti ya unga wa kuchanganya kwenye chakula, kijifuko cha unga wa kuyeyusha kwenye maji, na galoni ya maji ya kahawia yanayonukia uchachu, yaani EM (kifupi cha Effective Microorganisms, vijidudu vyenye manufaa). Ukitoka nje, mfugaji mwenzako atakwambia usinunue chochote, chachusha pumba zako tu. Kila mmoja wao anaweza kuwa sahihi. Jibu linategemea maji yako, joto la banda lako, namna unavyochanganya chakula na dawa unazowapa kuku.

Kwanza, kwa nini kuku ahitaji bakteria wa kununuliwa? Kifaranga aliyeatamiwa na mama huanza kuokota bakteria wa mama saa ile ile anapotoka kwenye ganda: kwenye manyoya, kwenye vumbi la kiota, kwenye kinyesi anachodonoa. Kifaranga wa mashine hapati hayo. Anafika kwako ndani ya boksi utumbo ukiwa karibu mtupu, na bakteria wa kwanza kuingia ndio wanaojenga makao. Mwaka 1973 watafiti wawili wa Finland, Nurmi na Rantala, walionyesha kuwa vifaranga waliolishwa yaliyomo kwenye utumbo wa kuku wakubwa walistahimili salmonela kuliko ambao hawakupewa. Utumbo uliokwisha kupata wapangaji wazuri hauna chumba cha mgeni mbaya. (Hii si ruhusa ya kuwapa vifaranga mavi ya kuku wakubwa. Pamoja na bakteria wazuri utawapa koksi, yaani vimelea wa utumbo wanaoharisha kuku, na minyoo.) Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo kuanzia tarehe 1 Januari 2006, soko la probiotiki lilipanuka, na bidhaa zake sasa ziko hadi kwenye maduka yetu ya mitaani.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza, na ndicho kinachobeba vingine: je, bakteria wanafika tumboni mwa kuku wakiwa hai? Joto la stoo, joto la kiwanda cha chakula na klorini ya maji huwaua bila wewe kuona chochote. Aliyefia njiani umemnunua bure.

Cha pili ni uhakika wa kipimo. Lebo nzuri inataja jina la bakteria, idadi yao kwa herufi CFU, yaani bakteria hai wanaoweza kuzaliana, pamoja na tarehe ya mwisho wa matumizi. Cha tatu ni mgongano na dawa na chanjo. Cha nne ni kazi inayoongezeka kila siku. Cha tano ni gharama, na hiyo ipimwe kwa kuku mmoja aliyefika sokoni, maana bei ya pakiti peke yake hudanganya.

1. Unga wa Bacillus wa kuchanganya kwenye chakula

Ni nini. Ni bakteria wa jamii ya Bacillus, hasa Bacillus subtilis na Bacillus licheniformis, wakiwa katika hali ya spora: wamelala ndani ya ganda gumu na huamka wakifika kwenye utumbo. Ganda hilo ndilo sababu ya kuwachagua. Huvumilia joto la nyuzi 75 hadi 85 la mashine ya kutengeneza chakula cha tembe (peleti), huvumilia stoo ya bati, na hukaa muda mrefu bila friji.

Matumizi. Bidhaa nyingi za aina hii hulenga bakteria kama bilioni 1 kwa kila kilo ya chakula. Jifunze kuhakikisha mwenyewe. Lebo ikisema bilioni 2 kwa gramu, na maelekezo ni gramu 500 kwa tani, basi unapata bilioni 1 kwa kilo, hesabu inakubali. Ikisema milioni 10 kwa gramu kwa kipimo hicho hicho, utapata milioni 5 tu kwa kilo, na hapo umenunua chokaa yenye jina zuri.

Gramu 500 kwa tani ni gramu 25 kwa gunia la kilo 50. Usimwage gramu 25 juu ya rundo kisha ukageuza mara mbili ukadhani umechanganya. Changanya kwanza na nusu kilo ya unga wa mahindi, halafu hiyo na kilo 5 za chakula, halafu hiyo na gunia zima, ukihamisha rundo lote kwa koleo kutoka upande mmoja kwenda mwingine angalau mara nne. Mizani ya jikoni inatosha. Kijiko hakitoshi, kwa sababu unga wa kila bidhaa una uzito wake.

Panapoharibika. Kwa anayenunua chakula cha tembe, unga huteleza na kutulia chini ya chombo. Kuku wa mwanzo hula tembe tupu na wa mwisho hula vumbi. Lowanisha tembe kwa mafuta kidogo ya alizeti kabla ya kunyunyiza unga, au tafuta kiwanda kinachoweka probiotiki wakati wa kutengeneza. Kosa la pili ni kuwapa wiki moja na kuacha. Spora huamka, hufanya kazi, kisha hutoka na kinyesi, kwa hiyo lazima ziingizwe kila siku.

Kinamfaa nani. Anayechanganya chakula mwenyewe kwa mizani, mwenye kuku kuanzia mia kadhaa, na mwenye stoo yenye joto. Mfugaji wa kuku 30 wa kienyeji wanaojitafutia atahangaika bure: hajui hata wanakula kiasi gani kwa siku.

2. Unga wa Lactobacillus na wenzake wa kuyeyusha kwenye maji

Ni nini. Bakteria wa asidi ya maziwa: Lactobacillus, Enterococcus, Pediococcus. Hawa ni wakazi halisi wa utumbo wa kuku na huanza kazi mapema kuliko spora. Ila hawana ganda. Joto, unyevu na klorini huwamaliza.

Matumizi. Hapa ndipo nguvu yake ilipo: siku ya kwanza ya kifaranga. Kifaranga aliyetoka safarini hunywa kabla ya kula, kwa hiyo maji ndiyo mlango. Yeyusha kipimo cha lebo kwenye maji yatakayokwisha ndani ya saa 4 hadi 6, yaweke tayari boksi zikifika, rudia kwa siku 3 hadi 5 za mwanzo. Baadaye hutumika kwa vipindi: baada ya dozi ya antibiotiki, wakati wa kubadilisha chakula, baada ya safari.

Kukadiria maji, kumbuka kuku hunywa kama mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na zaidi kukiwa na joto kali. Kuku 100 wa mayai wanaokula kilo 11 kwa siku watakunywa lita 22 au zaidi. Usiyeyushe dozi ya siku nzima kwenye pipa la asubuhi. Gawa mara mbili.

Panapoharibika. Maji. Maji ya bomba la mjini yana klorini iliyowekwa makusudi kuua bakteria, na haitofautishi wabaya na wazuri wako. Vivyo hivyo vidonge vya kutibu maji. Teka maji, yaache kwenye ndoo pana iliyo wazi kwa saa 24. Au koroga gramu 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita, subiri dakika 20 hivi, ndipo uweke probiotiki. Ni njia ile ile inayotumika kulinda chanjo ya kideri ya kwenye maji. Maziwa hayo yatatengeneza utelezi kwenye vyombo, kwa hiyo visuguliwe jioni hiyo hiyo. Wenye mabomba ya chuchu, yale ambayo kuku hudonoa ncha ndogo ili anywe, wawe waangalifu zaidi: utando unaojengeka ndani ya bomba huziba chuchu na kuwapa bakteria wabaya mahali pa kujificha. Maji ya probiotiki yakiisha, sukuma maji safi kwa presha hadi mwisho wa laini.

Stoo nayo. Lebo nyingi za aina hii zinataka friji au joto lisilozidi nyuzi 25. Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari, rafu ya duka lisilo na kiyoyozi inapita nyuzi 30 kila mchana. Uliza pakiti imehifadhiwaje kabla ya kulipa; muuzaji asiyeelewa swali amekwisha kukujibu. Na pakiti ikishafunguliwa, unyevu unaingia. Nunua ndogo ndogo.

Kinamfaa nani. Mwenye kulea vifaranga wa mashine kwa makundi, mwenye maji ya kisima au ya mvua, au aliye tayari kuyatibu ya bomba. Anayenunua chakula cha kiwandani na hachanganyi chochote atauona huu ndio mlango rahisi zaidi alionao.

3. EM ya maji

Ni nini. Mchanganyiko wa bakteria wa asidi ya maziwa, hamira na bakteria wanaotumia mwanga, uliobuniwa na Teruo Higa wa Chuo Kikuu cha Ryukyus, Okinawa, miaka ya 1980. Kwa asili ilikusudiwa kwa kilimo. Kwenye kuku hutumika majini, kwenye chakula na juu ya maranda yanayotandikwa sakafuni.

Matumizi. Galoni ya EM mama, yaani ile uliyonunua, hukuzwa kwanza. Kwa galoni ya lita 20: lita 1 ya EM, kilo 1 ya molasi, na maji yasiyo na klorini kama lita 18. Jaza karibu na mdomo, funga, weka mahali pa kivuli. Kila siku legeza kifuniko gesi itoke, kisha kaza. Baada ya siku 7 hivi inapaswa kunukia utamu mchachu, na karatasi ya kupimia asidi isome pH 3.5 au chini yake (namba ikishuka, asidi imepanda). Kwa kunywesha, kipimo cha kawaida ni mililita 1 kwa lita ya maji. Iliyokuzwa imalizike ndani ya mwezi mmoja.

Panapoharibika. Wengi hukuza iliyokwisha kukuzwa, mara ya pili, ya tatu, ili wasinunue tena. Kila mzunguko uwiano wa bakteria hubadilika, na mwisho unabaki na kitu kingine chenye harufu ya kufanana. Chombo cha kioo kinaweza kupasuka kwa gesi, na chombo cha bati lenye zinki huliwa na asidi hadi zinki iingie kwenye maji ya kuku. Tumia plastiki.

Udhaifu mkubwa ni kipimo. Galoni nyingi hazisemi kuna bakteria wangapi wa aina gani, kwa hiyo ile hesabu ya lebo tuliyofanya juu haiwezekani hapa. Jingine ni matumaini ya kupita kiasi kuhusu harufu ya banda. Amonia hutoka kwenye maranda yaliyolowa. Kama chombo cha maji kinavuja, EM unayonyunyiza inaongeza unyevu juu ya unyevu. Rekebisha chombo, toa maranda yaliyoganda, ndipo unyunyize kidogo kama umande.

Kinamfaa nani. Mwenye shamba mchanganyiko, anayetumia galoni hiyo hiyo kwenye mboji, banda la nguruwe na kuku, na anayepata molasi kwa urahisi. Mwenye kuku wa nyama anayepima ukuaji kwa gramu hataridhika na kipimo kisichojulikana.

4. Chakula cha kuchachusha nyumbani

Ni nini. Ni togwa ya kuku, kwa ufupi. Nafaka na pumba hulowekwa, bakteria wa asidi ya maziwa waliomo humo huzaliana, asidi hupanda na wabaya hufa. Faida haiishii kwenye bakteria hai: asidi yenyewe husaidia firigisi na utumbo, na fosforasi iliyofungwa kwenye pumba hulegea ikawa rahisi kutumika.

Matumizi. Hapa tutakaa kidogo, maana ndiyo njia rahisi kwa mfuko na ngumu kwa mkono. Tuchukue kuku 100 wa mayai wanaokula kilo 11 za chakula kikavu kwa siku. Sehemu ya nafaka, yaani mahindi ya paraza na pumba, ni kama kilo 6.5. Hiyo ndiyo unayochachusha, pamoja na maji lita 8 hadi 9. Mashudu ya alizeti, soya, dagaa, chokaa, chumvi, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini), laisini na methionini (viini vya protini vya kununua) viache pembeni. Ukichachusha kila kitu pamoja, sehemu ya laisini uliyoinunua kwa bei italiwa na vijidudu kabla ya kuku, na vitamini zitapungua.

Weka kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, ongeza nusu lita ya mtindi usio na sukari kama kianzio, koroga, hakikisha maji yamefunika nafaka kwa vidole viwili. Kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30 itakuwa tayari kwa saa 24 hadi 48. Pima asidi: pH 4.5 au chini, na karibu na 4 ndiyo bora. Wakati wa kulisha, changanya na zile kilo 4.5 zilizobaki kavu. Utapata kama kilo 19 au 20 za chakula chenye unyevu, kwa hiyo vyombo viongezwe. Bakiza sehemu moja ya tano kwenye ndoo iwe kianzio cha kesho. Kila baada ya wiki moja au mbili safisha ndoo, anika juani, anza upya.

Panapoharibika. Siku ya kwanza, asidi ikiwa haijapanda, bakteria wabaya nao wanazaliana. Anayelisha baada ya saa 8 kwa sababu "imeanza kutoa povu" analisha wakati mbaya kabisa. Harufu ya togwa ni njema. Harufu ya pombe kali, rangi ya kucha au uozo ni ya kumwaga. Utando mweupe mwembamba juu si hatari sana, ni hamira. Ukungu wenye manyoya, wa kijani au mweusi, mwaga ndoo nzima, usichote juu tu. Na mahindi yaliyoota ukungu hayatakaswi kwa kuchachushwa: sumukuvu hubaki.

Kisichoisha ndani ya saa 3 au 4 za joto kitolewe. Nzi watakuja, maranda yatalowa, na maranda yaliyolowa ndiyo godoro la koksi. Kuhusu mtindi, ni kianzio tu. Kuku hana uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa. Ukiwapa mtindi mwingi kila siku wataharisha, nawe utatafuta ugonjwa usiokuwepo.

Kinamfaa nani. Mwenye kuku wa mayai, chotara au kienyeji wasiozidi mia mbili hivi, aliyepo nyumbani asubuhi na jioni. Kuku wa nyama elfu moja wanaokula usiku na mchana wanahitaji chakula kikavu kisichoisha chomboni, na njia hii haiwezi.

Mambo yanayozihusu zote nne

Mazoea ya kuwapa vifaranga OTC (oksitetrasaiklini) au antibiotiki nyingine siku 3 hadi 5 za mwanzo, "kuzuia" tu, yanapigana na probiotiki moja kwa moja. Unalipia wapangaji kwa mkono mmoja na kuwafukuza kwa mwingine. Ikiwa daktari wa mifugo ameandika antibiotiki kwa ugonjwa uliopimwa, maliza dozi kwanza, kisha anza probiotiki siku inayofuata. Chakula cha kiwandani chenye dawa za koksi kama monensini au salinomisini nacho kina neno, maana dawa hizo hudhuru pia baadhi ya bakteria wa asidi ya maziwa. Soma mfuko wa chakula, halafu soma lebo ya probiotiki. Amproliamu haina shida hiyo.

Siku ya chanjo ya kwenye maji, EM ikae pembeni. Asidi yake inaweza kudhoofisha virusi hai vya chanjo. Irudishe kesho yake.

Na hakuna hata moja kati ya hizi inayotibu kideri, gumboro au kuhara damu. Kuku wakifa wawili watatu kwa siku, peleka mizoga maabara ya mifugo, TVLA (wakala wa maabara ya mifugo) kwa Tanzania au Kabete kwa Kenya, kabla ya kununua pakiti yoyote.

Hesabu ya mfano

Kuku 500 wa nyama, kila mmoja akila kilo 3.4 hadi kufikisha kilo 2, watakula kilo 1,700. Kwa gramu 500 kwa tani, unahitaji gramu 850 za unga wa Bacillus. Tuseme kilo ya unga ni shilingi za Tanzania 60,000 na kilo ya chakula ni 1,500. Gharama ni 51,000, sawa na shilingi 102 kwa kuku, au gramu 68 za chakula. Maana yake, chakula kwa kila kilo ya kuku kikishuka kutoka kilo 1.70 hadi 1.666, umerudisha pesa. Weka bei zako mwenyewe. Wenye banda kavu, maji safi na vifo vichache wanaweza wasione tofauti hiyo, kwa sababu hakuna kikubwa cha kurekebisha.

Ukitaka kujaribu, gawa kundi moja la vifaranga kwa wavu katikati ya banda, chakula kile kile, upande mmoja na probiotiki. Pima kuku 30 kila upande, wa kushika bila kuchagua, siku ya 7, 21 na 35. Tofauti ndogo kwenye kundi moja inaweza kuwa bahati. Rudia makundi matatu.

Kwa hali yako

Unalea vifaranga wa mashine na wiki ya kwanza ndiyo inayokuumiza: anza na unga wa maji kwa siku 5, ukiwa umeyatibu maji. Baada ya hapo unaweza kuhamia Bacillus kwenye chakula hadi mwisho.

Unachanganya chakula mwenyewe na huna friji: Bacillus.

Unanunua tembe na maji yako ni ya bomba, huna muda wa kuyaacha wazi: tafuta chakula ambacho tayari kina Bacillus, au ahirisha jambo hili kwanza.

Una kuku wa mayai hamsini uani, pumba ziko, na asubuhi uko nyumbani: ndoo ya kuchachusha, mtindi nusu lita, karatasi za kupimia asidi.

Una bustani, mboji na mifugo kadhaa: EM itapata kazi nyingi kuliko kuku pekee, na hapo gharama ya galoni hugawanyika.

Kuku wako wanaharisha kila kundi likifika wiki ya 3 au 4: pima koksi kwanza, kagua vyombo vinavyovuja. Probiotiki isubiri majibu ya maabara.